MBELE YA KUMPA KUKU DAWA, TUMUULIZE KWANZA



Katika somo la leo tunataka kusema juu ya kuku wa lupango. Wengine watacheka na kusema: « Hii ni mambo ya mama, haiko ya masomo. » Lakini tuhesabu pamoja. Ni wangapi kati yetu ambao madaftari yao ya mwaka huu yalitoka ku kuku? Kuku akiuzwa, kuna kalamu, kuna sabuni, kuna sehemu ya minervali. Kuku kumi wakifa kwa juma moja, kuna mwanafunzi anayebaki nyumbani. Njo sababu tunaandika.

Kwetu, kuku akianza kuinama, watu wanafanya moja ya mambo matatu. Mmoja anafungua kapisule ya dawa ya watu na kuimwaga mu maji ya kuku. Wa pili anamfunga miguu na kumkimbiza soko mbele ya kufa. Wa tatu anachukua kisu. Na hakuna kati yao aliyeuliza kuku anaumwa nini. Sisi tunasema: ulizo litangulie, dawa ifuate. Kuku hana kinywa cha kusema, lakini mwili wake unajibu kama tunamuuliza kwa utaratibu.

1. KUKU ANAFICHA UGONJWA

Kuku ni ndege anayewindwa. Kipanga anatafuta aliye zaifu, na hata wenzake mu lupango wanampiga anayelegea na kumfukuza ku chakula. Kwa hiyo kuku anajikaza mpaka nguvu ziishe. Siku unapomwona amesimama pembeni, manyoya yamevimba, macho yamefungwa, mara mingi ugonjwa umekwisha kuwa naye siku kadhaa.

Basi inafaa kumjua kwanza kuku mzima. Asubuhi, ukifungua mlango, tazama dakika tano tu. Mzima anatoka mbio, anachakura, macho ni wazi, kilemba (ile nyama nyekundu ya kichwani) ni chekundu. Anayetoka nyuma ya wote, huyo umwandike mu kichwa chako.

Lakini tujihadhari: kuku wengine wanaonekana wagonjwa na ni wazima. Kuku anayelalia mayai anakaa siku 21, anavimbisha manyoya, anakula kidogo, ukimkaribia anakasirika. Huyo ni mama mwenye kazi. Tena kuku anayebadilisha manyoya anakuwa mbaya wa kutazama na anaacha kutaga, lakini anakula vizuri. Hao wawili hawahitaji dawa yoyote.

2. ULIZO LA KWANZA: NI MMOJA AO NI WENGI?

Ulizo hili linapita yote. Kama ni mmoja peke yake, na wengine wanaendelea vizuri siku nyingi, sababu mara mingi iko ndani yake: yai limekwama, chakula kimeziba, kidonda, minyoo, ao uzee. Kama ni wawili leo, wanne kesho, basi kuna ugonjwa wa kuambukiza, na kazi yetu inabadilika.

Lakini hata ugonjwa wa kuambukiza unaanza na mmoja. Kwa hiyo, mbele ya kujua lolote, tenga yule mmoja: umweke mu kitunga ao kibanda chake, na maji yake, na chakula chake. Anayewatunza aanze na wazima, amalize na mgonjwa, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Halafu uliza tena: ni kuku gani mpya aliingia mu lupango majuma mawili yaliyopita? Chakula kilibadilika? Kuna mtu aliweka dawa ya panya ao dawa ya shamba karibu?

3. KUTAZAMA NA KUSHIKA

Mshike kuku kwa upole, utafute haya kwa mpango, toka kichwa mpaka miguu.

a) Kilemba. Kikiwa cheupe, damu imepunguka: fikiri juu ya wadudu wanaonyonya, minyoo, ao ugonjwa wa tumbo wenye damu. Kikiwa cha buluu ao cheusi, pumzi ao damu haitembei vizuri. Kikiwa na vigaga vyeusi vyenye kuota kama sugu, inaweza kuwa ndui ya kuku, ambayo mbu wanaieneza.

b) Pumzi. Kuku hana jasho, kwa hiyo saa sita mu jua kali atafungua kinywa ili apoe. Akifanya hivyo asubuhi mu baridi, ao akikoroma, ni alama mbaya.

c) Joto. Watu wanamshika na kusema: « Ile kuku iko na malaria, inawaka! » Hapana. Joto la kawaida la kuku ni karibu digri 41 mpaka 42. Kuku mzima kabisa anawaka mu mikono yetu.

d) Mfuko wa chakula, chini ya shingo. Mangaribi unajaa, asubuhi mbele ya kula unapaswa kuwa mtupu. Ukiwa mgumu asubuhi, kuna majani marefu, kamba ao plastiki iliyoziba. Ukiwa laini kama mfuko wa maji, na kinywa kinanuka uchachu, chakula kinaoza ndani.

e) Mfupa wa kifua. Pitisha kidole. Ukiwa mkali kama kisu, kuku alianza kukonda zamani. Ugonjwa huu hauko wa jana. Ukiwa na nyama pande zote mbili na kuku anakaribia kufa, basi ni jambo la gafula.

f) Tumbo na tundu la nyuma. Kuku aliyesimama wima, mkia chini, anayejikaza bila kutoa kitu, pengine yai limekwama. Umkalishe mu maji ya vuguvugu, umweke mahali pa kimya na giza kidogo. Usimminye: yai likivunjika ndani litamwua.

g) Chini ya mabawa na kuzunguka tundu la nyuma. Fungua manyoya utafute chawa. Mayai yao yanashikamana ku shina la manyoya sawa unga mweupe.

4. MAVI

Walimu watusamehe neno. Ku lupango hakuna lingine. Mavi ya kuku mzima ni kahawia ao kijani kidogo, na kofia nyeupe juu. Ule weupe ni mkojo, kwa sababu ndege hana kibofu, yote yanatoka pamoja. Mara kwa mara kuku anatoa mavi laini, ya kunata, yenye kunuka sana. Hayo pia ni ya kawaida, yanatoka ku matumbo ya pembeni.

Mavi ya damu kwa vifaranga, zaidi wanaokaa mu kibanda chenye unyevu, yanatufikirisha juu ya kokisidiozi. Ugonjwa huu una dawa yake, na kibanda kikavu kinauzuia. Mavi ya kijani kabisa yanaweza kusema tu kwamba kuku hajala. Lakini mavi ya kijani, ya maji, kwa kuku wengi pamoja, hayo ni kengele. Tutarudia jambo hili chini.

5. MFANO WA KIBANDA CHA SHULE

Mu kibanda cha shule yetu kuku mmoja mwekundu alianza kulegea. Wengine walisema: « Ni minyoo. » Wengine walitaka kumpatia tetra. Tulikubaliana kufuata maulizo kwanza.

Mmoja ao wengi? Watatu walikuwa na kilemba cheupe, hakuna aliyekufa. Kuku mpya? Hakuna. Pumzi nzuri, mfuko wa chakula mtupu asubuhi, nyama ya kifua bado iko, mavi ya kawaida, chawa hakuna. Basi damu ilikuwa inakwenda wapi?

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza ndiye aliyeleta jibu bila kujua. Alisema: « Siku hizi kuku wanakataa kuingia ku nyumba yao, wanataka kulala ku muavoka. » Kuku anayekataa kitanda chake ana sababu! Usiku tulienda na tochi. Tulipitisha kitambaa cheupe chini ya miti wanayolalia, kikarudi na alama za damu. Mu nyufa za bambu kulijaa utitiri, wadudu wadogo wekundu. Muchana wanajificha mu mti, usiku wanatoka kunyonya, asubuhi hakuna unayemwona ku mwili wa kuku.

Tulitoa miti yote tukaichoma, tukamwaga maji ya moto mu nyufa, tukapaka chokaa, tukawawekea kuku majivu makavu ya kuoga. Tulirudia kila siku ya saba, mara mbili, kwa sababu mayai ya utitiri yanaanguliwa nyuma. Majuma machache kisha, vilemba vilirudi vyekundu. Tazameni: ugonjwa ulikuwa mu miti ya kibanda. Kapisule ingepita tumboni mwa kuku, na utitiri ungeendelea kula.

6. KENGELE KUBWA: NEWCASTLE

Sasa ugonjwa ambao unamaliza lupango zima. Jina lake linatoka ku mji wa Newcastle, Uingereza, ambapo ulionekana mwaka wa 1926. Mwaka ule ule ulionekana pia ku kisiwa cha Java, Indonesia. Kwetu wazazi wanaujua bila jina: kuku wote wanaisha.

Alama zake: kuku wengi kwa siku chache, mavi ya kijani ya maji, kupumua kwa shida, mabawa kuanguka, miguu kufa ganzi, shingo kupinda mpaka kichwa kinatazama nyuma. Wengine wanakufa bila alama yoyote. Kuku wasio na chanjo wanaweza kufa karibu wote.

Tusikilize vizuri: hakuna dawa inayoponya Newcastle. Unaletwa na virusi, na tetra haiui virusi. Tena dawa hiyo ikitolewa ovyo, bakteri zinaizoea, inabaki mu mayai na nyama, na kesho mtoto akiumwa haitamsaidia. Na mafua makali ya ndege yanafanana sana na Newcastle kwa macho. Mwaka wa 2017 yalifika hata kwetu Kongo, mu Ituri. Daktari wa wanyama tu, pamoja na laboratwari, anaweza kuyatofautisha. Kwa hiyo kuku wengi wakifa, tusiwapasue, tusiwatupe mtoni. Tumwite daktari wa wanyama ao kiongozi wa mtaa, kisha tuwazike chini sana ao tuwachome.

Hapa sasa kuna jambo gumu. Baba anaona kuku wawili wamekufa, wanane wanasimama bado. Minervali inangoja. Anawaza: « Niwauze leo, kesho itakuwa hasara. » Tunaelewa shida yake, ni shida ya nyumba zetu. Lakini kuku yule atalala usiku ule mu lupango la mtu mwingine, na ugonjwa unaweza kukaa siku mbili mpaka 15 mbele ya kuonekana. Mnunuzi naye ana watoto wenye minervali. Feza ile inatoka mu mfuko wa mwanafunzi mwenzetu. Hata anayechinja nyumbani, kama anatupa manyoya na matumbo nje, anafanya kazi ile ile ya kueneza.

Kinga iko: ni chanjo. Ile inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, inatolewa tone moja mu jicho, na inarudiwa kila miezi 4. Wanapewa kuku wazima tu; aliyekwisha kuambukizwa haimponyi. Chupa moja inatosha kuku wengi, njo sababu mtu mmoja mwenye kuku sita anaona ni bei kali. Lakini nyumba kumi zikichanga, kila moja inatoa kidogo, na kuku wote wa njia ile wanachanjwa siku moja. Sisi wanafunzi tunaweza kuhesabu kuku wa mtaa, kuandika majina ya wenye kuchanga, na kumwita daktari wa wanyama. Afazali kufanya hivyo mbele ya kiangazi, kwa sababu mara mingi ndipo vifo vinazidi.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kuku mmoja anakaa mu kiota siku nzima, anavimba ukimkaribia, lakini kilemba ni chekundu. Utampa dawa gani?
2. Kwa nini joto la mwili wa kuku ku mikono yetu haliko alama ya ugonjwa?
3. Kuku watano mu lupango la jirani wamepinda shingo. Andika mambo matatu ya kufanya na mawili ya kutofanya.
4. Mu mtaa wako kuna kuku wangapi? Nenda ukahesabu, ulete hesabu mbele ya mwisho wa mwezi.

Ulizo la nne ndilo tunalongoja zaidi. Hesabu ziletwe ku biro ya bulletin, saa ya mapumziko.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.