AMRI YA NNE NA WAZEE WA KIJIJI

Somo kwa wakatekumeni

Wakatekumeni wengi, wakiisikia Amri ya Nne, huwatazama watoto wao. Hudhani kwamba Mungu aliitoa kwa ajili ya vijana wasiotii, wanaotumwa kuteka maji wakaenda kucheza. Ni kweli kwamba vijana pia inawahusu. Lakini Waisraeli waliokusanyika chini ya mlima Sinai walikuwa watu wazima, wenye wake na mifugo, na wazazi wa wengi wao walikuwa wamekwisha kuchoka kwa safari ya jangwani. Hao nao waliagizwa kuwaheshimu baba zao na mama zao. Na kumheshimu mzee asiye na nguvu tena ya kulima si kumwamkia tu kwa adabu. Ni kumpa chakula, moto, nguo, na mahali pa kulala pasipovuja.

Bwana Yezu alilieleza neno hilo waziwazi, kama tunavyosoma katika sura ya 7 ya Injili ya Marko. Siku zile Mafarisayo walikuwa na desturi hii: mtu aliweza kutamka juu ya mali yake neno «Korbani», maana yake sadaka iliyotolewa kwa Mungu. Akiisha kulitamka, baba yake au mama yake akija kuomba msaada, alijibu kwamba mali ile haiwezi kuwafaa tena. Yezu aliwakemea vikali, akawaonyesha kwamba kwa desturi yao wameitangua amri ya Mungu.

Leo hakuna mtu kijijini atamkaye «Korbani». Lakini yako maneno mengine ya kufungia mkono. Huyu asema: «Fedha hii ni ya mali ya kumwolea mwanangu.» Yule asema: «Fedha hii ni ya nguo nyeupe na pombe ya sikukuu ya ubatizo wangu.» Na huku mama yake analala juu ya mkeka bila blanketi. Katekista mwenye busara, kabla ya kumpeleka mkatekumeni kwa Padri, hamwulizi sala peke yake. Amwuliza pia nani anayempelekea mama yake kuni.

Tangu mwanzo Kanisa halikuiacha kazi hiyo mikononi mwa watoto wa mzee tu, kwa maana wako wazee wasio na watoto, na wako waliozika watoto wao wote. Katika Kanisa la Yeruzalemu chakula kiligawanywa kila siku kwa wajane. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, chasimulia kwamba ilitokea manung'uniko: wajane wa wale waliosema Kigiriki walisahauliwa, lakini wajane wa Waebrania walipata. Wote walikuwa wabatizwa, wote walisali pamoja. Hata hivyo mgeni wa lugha alirukwa. Mitume hawakuwafukuza walionung'unika, wala hawakusema kwamba habari ya chakula ni neno dogo. Waliwaagiza waamini wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho Mtakatifu na hekima: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timone, Parmena na Nikola wa Antiokia. Mitume wakasali, wakawawekea mikono. Majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Basi yaonekana kwamba kazi walikabidhiwa watu wa upande ule uliosahauliwa, ambao walijua mlango wa kila mjane wao.

Jambo hilo lafaa kufikiriwa sana kijijini. Mzee anayerukwa mara nyingi si baba mkubwa wa chifu. Ni mama aliyeolewa kutoka mbali, ambaye mume wake amekufa na ndugu zake hawajulikani. Au ni mzee aliyeikimbia vita, akafika na kitenge kimoja, asiyejua vizuri lugha ya hapo.

Mtume Paulo, alipomwandikia Timoteo barua ya kwanza, aliweka utaratibu katika sura ya 5. Kwanza watoto na wajukuu wamtunze mjane wao, wawarudishie wazazi mema waliyopokea. Mjane asiye na mtu, huyo ndiye atunzwe na Kanisa. Na katika orodha ya wajane asiandikwe mwenye umri chini ya miaka 60. Orodha, umri, wajibu wa jamaa: yote yalikwisha kupangwa. Paulo ni mkali kwa mtu aachaye kuwatunza watu wa nyumba yake. Amhesabu kuwa ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumpeleka mama yake misioni na kumwacha mlangoni pa Masista kama gunia, hali yeye mwenyewe ana shamba na watoto wenye nguvu.

Baadaye Mungu aliwaita watu wengi kwa kazi hiyo. Mmojawapo ni Jeanne Jugan, aliyezaliwa mwaka 1792 huko Cancale, katika nchi ya Ufaransa. Alikuwa mtumishi wa nyumba, naye hakuwa na mali. Wakati wa baridi ya mwaka 1839, mjini Saint-Servan, alimchukua mwanamke mzee, kipofu, aliyekuwa peke yake, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Wakaja wengine. Baadhi ya wazee wale walikuwa wamezoea kuombaomba njiani. Jeanne hakutaka waendelee kuaibika hivyo. Akatwaa kikapu, akaenda kuomba yeye mahali pao, mlango kwa mlango. Ndivyo lilivyoanza shirika la watawa linaloitwa Masista Wadogo wa Maskini. Yeye mwenyewe aliondolewa katika uongozi, akakaa miaka mingi kimya, hata masista vijana hawakujua kwamba ndiye mwanzilishi wao. Alikufa mwaka 1879. Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Masista hao wana nyumba za wazee katika nchi nyingi, hata Nairobi katika Kenya.

Lakini katika Kongo nyumba za namna hiyo ni chache, na kwa kawaida ziko mijini. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Hata hivyo, kutoka kwenye karatasi mpaka nyumba ya nyasi safari ni ndefu. Malipo ya uzeeni nayo ni ya wale waliofanya kazi ya mshahara na kuandikishwa. Mkulima wa muhogo hana. Kwa hiyo msaada wa mzee wa kijijini ni jamaa yake, na pamoja na jamaa, jumuiya ya waamini. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo, walipokutana Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, walichagua njia ya jumuiya hai za Wakristo. Pande za mashariki watu huiita jumuiya hiyo «shirika». Mkatekumeni tayari ana kazi ndani yake, ingawa hajabatizwa.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Shirika liandike majina ya wazee wote wa mtaa, wabatizwa na wasiobatizwa, maana njaa haiulizi dini. Kwa kila mmoja ijulikane: nani ampikia, nani amtekea maji, paa yake ikoje kabla ya mvua kuanza. Kisha zamu zigawanywe. Vijana wapasue kuni na kuezeka. Akina mama wapeleke ugali na sombe, wakae kidogo kuzungumza, kwa sababu mzee anayekula peke yake siku zote hupoteza hata hamu ya kula. Mzee akiugua, wawepo watu wanne wa kumbeba kwa kipoyi mpaka kituo cha afya. Na mahali penye hatari ya vita, ijulikane mapema nani atambeba nani. Wazee wengi wameachwa nyuma kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amemchukua. Siku hizi mtoto aliye mjini aweza kumtumia mama yake fedha kwa simu. Mama asiyejua kusoma humpa kijana simu yake pamoja na namba ya siri. Kijana akitwaa sehemu kidogo bila kusema, ameiba, na wizi wa kumwibia mjane ni mzito.

Liko neno la kutisha zaidi. Katika vijiji vingine, mtoto akifa au radi ikipiga, watu hutafuta mchawi, nao mara nyingi humnyoshea kidole mwanamke mzee asiye na mtetezi. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wanane waliuawa kwa mashitaka ya namna hiyo. Macho mekundu si alama ya uchawi: ni moshi wa meko ya miaka 50. Mzee anayetembea usiku, asiyewatambua wanawe, anayesema maneno yasiyoeleweka, ana ugonjwa wa ubongo unaowapata wazee katika nchi zote za dunia. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumrudisha nyumbani. Mkatekumeni anayekwenda kwa mpiga ramli kuuliza nani ameroga avunja Amri ya Kwanza. Anayelitangaza jina la mzee avunja ya Nane. Anayenyamaza wakati umati unapokusanya mawe, ingawa angaliweza kukimbia kumwita chifu au Padri, hawezi kusema kwamba Amri ya Tano haimhusu.

Kuhusu roho, Kanisa ni mama mpole kwa wazee. Sheria ya kufunga haimshiki tena mtu akiisha kuanza mwaka wake wa 60. Kabla ya Komunyo Mkristo asile kwa muda wa saa moja. Lakini mzee, na hata yule anayemtunza, hawafungwi na sheria hiyo. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa si ya wanaokata roho tu: mzee ambaye nguvu zake zimepungua sana aweza kuipokea hata pasipo ugonjwa mkubwa. Na mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Dominika ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna.

MAULIZO

Ul. Amri ya Nne yamwisha mtu lini?
J. Haimwishi. Hata wazazi wakiisha kufa, anawaombea.

Ul. Kama mzazi alikuwa mlevi, au alimtupa mwanawe utotoni?
J. Mwana halazimishwi kusema kwamba mabaya yale yalikuwa mema. Lakini chakula na blanketi asimnyime.

Ul. Nani anayetunzwa na shirika kwanza?
J. Yule asiye na jamaa, kisha yule ambaye jamaa zake ni maskini kama yeye.

Ul. Mzee mkatekumeni akikaribia kufa, na Padri yuko mbali, ifanywe nini?
J. Akumbushwe mafumbo makubwa ya imani. Akiyakubali, akitaka kubatizwa na kuahidi kuzishika amri za Mungu, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lile lifanywalo na Kanisa aweza kumbatiza: ammiminie maji kichwani, akisema maneno ya ubatizo kama Katekista alivyofundisha. Kisha jina lake lipelekwe misioni, liandikwe kitabuni.