Raki au Paleti? Tupime Kabla ya Kununua



Mavuno yanapoingia hapa Uasin Gishu, kuanzia Oktoba, vikundi vingi huweka mahindi pamoja kwenye stoo moja ili kungoja bei ipande. Hapo swali huzuka: je, tununue raki za chuma kama za maghala ya mjini Eldoret, ama paleti za mbao zinatosha?

Kuna kikundi nilichotembelea ambacho kilipanga magunia chini kwenye sementi, yameegemea ukuta. Walipokuja kuyatoa, safu ya chini yote ilikuwa na ukungu. Ile ilikuwa karo ya watoto. Haikulika, haikuuzika. Kwa hivyo tusome pamoja.

1. Jueni uzito. Gunia letu ni kilo 90. Magunia 10 kwenye paleti moja ni kilo 900. Raki yenye paleti 2 kwa kila ngazi itabeba kilo 1,800 kwa ngazi, bila kuhesabu paleti zenyewe. Muuzaji asipowaonyesha maandishi ya uzito ambao kila ngazi inabeba, msitoe pesa.

2. Nani atainua? Vijana wanne hawawezi kuinua kilo 900. Hiyo ni kazi ya foklifti, nayo inataka sakafu ngumu iliyo sawa na nafasi ya kugeuka. Raki yenyewe lazima ifungwe kwa bolti kwenye zege. Kama hamna hivyo vyote, raki ni hatari kwa watu, na pesa zenu zitakuwa zimelala.

3. Basi chagueni paleti. Mbao ziwe kavu na imara, bila misumari iliyochomoza wala harufu ya mafuta au dawa. Ziinue magunia kama sentimita 15 kutoka chini. Acheni karibu mita moja kutoka ukutani, hewa ipite na mtu aweze kukagua pande zote. Pangeni magunia kwa kupishanisha kama matofali, msifikishe kwenye mabati. Magunia 100 yatataka paleti 10.

4. Kausheni kwanza. Paleti haikaushi mahindi. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Mahindi yenye ukungu yaweza kuwa na sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao upande wa Makueni na Kitui. Pesa mlizookoa kwa kuacha raki, nunueni turubai za kuanikia na kipimo cha unyevu.

Maswali ya kujadiliana:
– Stoo yetu itaweka magunia mangapi, na jumla ni kilo ngapi?
– Sakafu yetu ikoje wakati wa mvua?
– Nani atakagua magunia kila wiki, na atamwambia nani akiona ukungu?

Msivunje mkutano kabla swali la tatu halijapata jina la mtu.