Maji ya Bahari ni Tohara, Lakini Bahari si Jaa

Kila aliyesoma mlango wa tohara ajua ya kuwa wasafiri wa baharini walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama yafaa kutawadha kwa maji ya bahari, naye akawajibu ya kuwa maji yake yatoharisha na mfu wake ni halali. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi na wengineo.

Lakini wako miongoni mwetu walioigeuza kuwa udhuru. Mtu hufagia ua wake, akazimwaga taka mtaroni au ufuoni, na akikatazwa hujibu: "Bahari haichafuki!" Basi somo letu ni kubainisha kosa la hoja hii.

Kwanza, hadithi hiyo yazungumzia udhu na chakula, wala haikumruhusu mtu kutupa taka. Pili, najisi ni jambo moja na madhara ni jambo jingine. Mfuko wa plastiki si najisi. Mtu aweza kusali nao ndani ya kanzu yake, na sala yake ikasihi. Lakini mfuko huo huo ukifika baharini huua.

Nao huua namna hii. Kasa hula yavuyavu, na mfuko ueleao majini hufanana nalo sana. Ndani ya koo la kasa mna miiba ielekeayo tumboni, aliyoiweka Muumba ili chakula kisirudi nje. Kwa hiyo akishaumeza mfuko ni vigumu kuutapika. Huziba njia ya chakula, naye huhisi ameshiba hali ana njaa, akakonda mpaka akafa. Wengine matumbo yao hujaa hewa, wakaelea juu wasiweze kuzamia. Ama wavu mbovu uliotupwa, huo waendelea kuvua bila ya mvuvi. Na kasa, kwa kuwa apumua hewa kama sisi, akinaswa chini hufa maji. Na huyu ni mnyama akaaye miaka 20 na zaidi kabla ya kuanza kutaga. Huko Watamu kuna shirika, Local Ocean Conservation, liwatibulo kasa waliopatikana na balaa kama hizi.

Sasa tuikumbuke hadithi ya Bukhari na Muslim juu ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie, mpaka akafa. Kuna tofauti gani baina ya paka aliyefungiwa chakula nje na kasa aliyezibwa chakula tumboni?

Huenda mtu akasema: "Mimi sikukusudia." Twamjibu: mafakihi wetu wamesema ya kuwa achimbaye shimo njiani pasipo haki hudhamini aliyetumbukia, ijapokuwa hakumkusudia. Na aliyekwisha kujua madhara ya kitendo, kisha akaendelea nacho, udhuru wake ni dhaifu zaidi.

Wala tusitegemee Serikali peke yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na jambo hilo ni jema. Lakini chupa, kandambili na nyavu zingali zatupwa. Mombasa ni kisiwa. Kitupwacho mtaroni leo, mvua ya masika hukipeleka baharini kesho.

Basi yatupasa haya: taka za nyumbani zitiwe mahali pake, mvuvi arudi pwani na wavu wake uliochakaa, wendao ufuoni siku ya Idi warudi na walivyokwenda navyo, na wasimamizi wa misikiti waweke mapipa ya chupa za maji zigawiwazo wakati wa futari. Ikiwa kuondoa udhia njiani ni tawi la Imani, basi kuutia udhia baharini ni tawi la nini?

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Ar-Rum ya kuwa ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Mikono hiyo ni yetu, na kuizuia kwaanzia mlangoni petu.

Wabillahi tawfiq.