Odi Ni Bei: Vidokezo 6 Kabla ya Kuweka Dau

Kijana akiona odi ya 1.30 husema, "Hii ya uhakika." Namsihi aisome kama bei ya nyanya sokoni: inapanda na kushuka kwa kuwafuata wateja.

1. Geuza odi iwe asilimia ya uwezekano wa kushinda. Gawa 100 kwa odi. Odi ya 2.00 ni asilimia 50, ya 4.00 ni 25. Upande ukigombewa, kampuni huupunguzia odi na kunenepesha ya upande wa pili ili kuvuta wateja huko. Bidhaa imeadimika, na wewe unalipia uadimu huo kwa kupokea kidogo ukishinda.

2. Kumbuka Mayweather na McGregor. Walipigana Las Vegas tarehe 26 Agosti 2017. Mayweather alikuwa hajawahi kushindwa katika ndondi za kulipwa. McGregor, bingwa wa UFC, alikuwa hajawahi kupigana ndondi za kulipwa hata mara moja. Mwanzoni odi ya McGregor ilikuwa kama 12. Mashabiki wake wakamiminika, wengi wakiwa na madau madogo madogo, na odi ikaporomoka hadi karibu 5. Ngumi zake hazikuwa zimeongezeka uzito. Watu ndio walioongezeka. Upande wa pili Mayweather akawa rahisi kununua: kutoka karibu 1.04 hadi karibu 1.20, yaani faida ya 20 kwa kila 100 badala ya 4. Wenye mitaji mikubwa walisubiri siku za mwisho wakaingia kwa bei hiyo. Raundi ya 10 refa akasimamisha pambano, Mayweather mshindi.

3. Kipenzi cha watu ni ghali. Kombe la Dunia likifika, Waingereza hubeti England kwa mapenzi, na odi yake kwenye maduka ya kwao hukonda. Shabiki wa Simba au Yanga ajiulize hilo hilo: je, nalipia uwezo wa timu, au mapenzi ya wenzangu wote?

4. Odi ikicheza, tafuta sababu. Kikosi kimetoka na straika hayumo? Hiyo ni habari. Hakuna jipya ila ni jioni ya dabi? Huo ni umati. Na pesa hazina uzito sawa: dau la mtu anayejulikana kwa kushinda linaweza kusogeza odi kuliko mamia ya madau ya shilingi 500. Kampuni nyingi humwekea mtu wa aina hiyo kikomo cha dau.

5. Jumlisha asilimia za pande zote. Chukua mechi ya nusu kwa nusu, kila upande odi 1.90. Kila mmoja ni asilimia 52.6, jumla 105.2. Hiyo 5 iliyozidi ni ya kampuni, mechi iishe vyovyote, mradi madau yamegawanyika sawa pande zote mbili. Kwenye mkeka, yaani mechi nyingi katika dau moja, inazaana. Kijana mmoja kibandani alinionyesha mkeka wa mechi 10, karatasi ameikunja nyuma ya kava la simu, anaifungua polepole kama cheti. Nikampigia hesabu kwa mechi 10 za 1.90: ukipatia zote unalipwa mara 613 ya dau, lakini uwezekano wa kuzipatia ni 1 kati ya 1,024. Aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Iliniuma, kwa sababu dau lile lilikuwa limetoka kwenye hela ya kodi ya chumba.

6. Zunguka kabla ya kununua. Mechi ile ile inaweza kuwa 2.05 kampuni hii na 2.20 kampuni ile. Kama zote hazikuridhishi, rudisha hela mfukoni, uiangalie mechi kwa raha yake. Kama unanunua, kwa dau la shilingi 10,000 odi ya 2.05 inakurudishia 20,500 na ya 2.20 inakurudishia 22,000. Tofauti hiyo ya 1,500 ni nauli ya kurudi nyumbani, na chenji inabaki.