Muwahi Mwenye Mizani

Mizani ya vyuma chakavu haijui kusoma. Kwake bawaba ya mlango, jembe lililokatika na kisu cha kukunja kilichosafiri kutoka Sheffield ni kilo tu. Kwa hiyo anayetaka kukusanya visu vya kukunja vya zamani huku kwetu, kati ya Shinyanga na Geita, asianzie kwa wauza vinyago. Aanzie kwa mwenye mizani, tena aende kabla lori halijapakia.

Kisu changu cha kwanza nilikipata Kahama, kwenye yadi niliyofuata bawaba. Kilikuwa kimeganda kwa kutu, hakifunguki, na mwenye yadi alinitupia juu kama nyongeza. Nikakilaza kwenye mafuta ya taa siku nne. Ya tano bapa likatoka, na pale linapoungana na mpini nikaona alama kama unyayo wa kuku: mshale mfupi wa vidole vitatu. Hiyo ni alama ya mali ya jeshi la Uingereza. Mgongoni kulikuwa na msumari mnene wa kufungulia mafundo ya kamba. Huenda mwenyewe alikuwa mmoja wa wale vijana waliokwenda Keya, jeshi la mkoloni, na kupigana Burma mwaka 1944, akarudi akautumia msumari ule kwenye kamba za ng'ombe. Toka siku hiyo sijawahi kupita kwenye rundo la vyuma bila kusimama.

Yadini usimtafute tajiri. Mtafute kijana anayechambua, yule anayetenga bati, shaba na chuma. Mwambie unataka visu vinavyokunjwa tu, hata vilivyokufa, na kila kimoja utakinunua kwa bei inayozidi ile ya kilo. Mpe namba yako ya simu, kisha timiza ahadi hata akikuletea takataka mara tatu mfululizo. Mimi nimenunua vikopo vya visu visivyofaa kitu ili nisipitwe na kile kimoja.

Mnadani mambo ni mengine. Mhunze, au mnada wowote wa ng'ombe unaoujua, fika asubuhi, kabla jua halijakaza na kabla pombe haijachangamka. Tazama mikono, achana na meza za wauza mitumba. Anayekata kamba, anayechonga fimbo, anayekatia wateja nyama choma: kisu kizuri kiko kazini, hakiko sokoni. Ukikiona usikirukie. Nunua nyama, kaa, kula.

Na kwa wazee ndiyo zaidi. Ukifika kwa mzee wa Kisukuma ukaanza na bei, umekwisha. Salimia kwanza, "Mwangaluka, guku," upewe kiti, uulizwe unatoka kwa nani. Halafu toa kisu chako mwenyewe umenye muwa au chungwa. Mbinu hii haijanitupa: mzee atakitazama, atacheka, ataingiza mkono mfukoni akuonyeshe kisu cha kweli kilivyo. Hapo mazungumzo yameanza, na huenda yakachukua ziara nne. Mwenye haraka akanunue dukani.

Maduka ya zamani nayo yana siri zake. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwenye miji iliyoota kandokando yake wenye maduka walisubiri msimu wa pamba, mkulima anapokuwa na fedha mkononi. Ukikuta duka la ukoo ambalo bado liko wazi, omba kwa adabu kuulizia stoo ya nyuma. Kuna uwezekano mdogo wa kukuta boksi la visu lisilofunguliwa, lakini ndio uwezekano unaonitoa kitandani. Vilevile waulize wajukuu wa waliofanya kazi Mwadui, machimbo ya almasi aliyoyagundua Williamson mwaka 1940, na wa waliofanya kazi mgodi wa zamani wa Geita, uliochimbwa kuanzia 1936 hadi 1966. Wazee wenyewe wanapungua. Makopo yao ya misumari bado yapo chini ya vitanda.

Sasa kukisoma kisu. Kifungue, kielekeze kwenye mwanga, usome maandishi chini ya bapa. "Sheffield" ni Uingereza, "Solingen" ni Ujerumani. Neno "Germany" lililoandikwa kwa Kiingereza mara nyingi hukwambia kisu ni cha baada ya 1887, mwaka Waingereza walipotunga sheria ya kulazimisha bidhaa za nje kutaja zilikotoka. Ukikuta "W. Germany", kisu hicho hakiwezi kuwa cha kabla ya 1949, hata muuzaji aape kwamba babu yake alipewa na Mjerumani wa bomani. Okapi, kile chenye mpini wa mbao wenye nyota na mwezi na pete ya kuvuta mgongoni, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika. Mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Basi soma jina la nchi kabla hujasikiliza hadithi.

Baada ya maandishi, sikiliza. Kisu chenye springi nzima hujifunga kwa mlio mmoja mkavu. Kikijifunga kimyakimya, springi imechoka. Shika bapa ulitikise kushoto na kulia. Mchezo kidogo si kitu, mchezo mwingi maana yake pini imelika. Bapa lililonolewa hadi likawa jembamba kama jani la mpunga mimi silikatai, ila lipunguzie bei. Kama hujui ni chuma cha kawaida au kile kisichoshika kutu, kata nalo ndimu ukifika nyumbani: chuma cha kawaida kitageuka rangi ya kijivu kabla hujamaliza kuosha mikono.

Mpini ndio unaotugombanisha wakusanyaji. Wengine hawataki kisu kilichobadilishwa mpini. Mimi ndicho ninachokitafuta. Nina kimoja cha Sheffield ambacho upande mmoja una pembe ya ng'ombe na upande wa pili kipande cha sufuria kilichopigwa ribiti za shaba na fundi wa kijijini. Kisu kama hicho hukitengenezi Sheffield hata ukilipa.

Pembe ya ng'ombe na mfupa havina tatizo. Mfupa una vidoa vidogo kama vitundu vya sindano. Lakini ukiona mpini mweupe wenye mistari inayokatana kama wavu, urudishe mezani na uondoke. Hiyo huenda ni pembe ya ndovu, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitakuuliza kama ulikuwa unakusanya visu.

Upande wa Geita kuna jambo ambalo wakusanyaji wa Ulaya hawalijui, nami nililijua kwa hasara. Karibu na mwalo mmoja, mahali wanapooshea dhahabu, niliuziwa kisu chenye vichwa vya fedha kwenye ncha zote mbili za mpini. Vilimeta kweli. Nilipovisugua kwa kitambaa weupe ukahamia kwenye kitambaa, na chini yake ikaonekana shaba ya njano. Ilikuwa zebaki. Zebaki huishika shaba ikaifanya ing'ae kama fedha kwa muda, na mahali ambapo kila mtu ana kichupa chake, kumpata mjinga ni kazi ya dakika moja. Kosa kubwa zaidi nililikaribia jioni yake, nilipotaka kukipitisha motoni nikisafishe. Usifanye hivyo kamwe. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na huharibu ubongo na figo. Kisu cha namna hiyo kifunge kwenye mfuko wa plastiki, nawa mikono kwa sabuni, kisha hesabu ni ada ya shule.

Jingine la machimboni: zikivuma habari za rashi, yaani dhahabu imeibuka mahali, vijana huuza chochote wapate nauli na chakula cha kuanzia duarani, kwenye shimo la kuchimbia. Ndipo visu vya mababu hutoka. Bei huwa chini na kishawishi huwa kikubwa. Mimi siku hizi simnunulii kijana kisu cha zamani mpaka nizungumze na mkubwa wake kwa simu. Nimekosa visu viwili kwa msimamo huo, na nyumba ambazo bado naweza kuingia na kukaribishwa uji ni nyingi.

Usafishaji ni mfupi. Mafuta ya taa usiku kucha, mswaki mkuukuu, halafu tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, na pamba ya kufutia, ambayo Shinyanga haijawahi kutupungukia. Msasa na grinda viweke mbali, kwa sababu ukishafuta maandishi umebaki na kisu cha jikoni. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kukirudishia kutu, hasa kwa mlioko karibu na ziwa. Njiani, kifunge kwenye kitambaa ndani ya kopo, kopo ndani ya begi. Kisu kimoja mfukoni mwa mtu anayetoka mnadani jioni ni vigumu kumweleza askari.

Vitu vya kale zaidi usivikusanye. Kabla ya meli za Wazungu kuleta visu, Walongo wa upande wa Geita walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe, na majembe yao yalilipia mahari na kusafiri mbali kibiashara. Ukikuta chuma cha aina hiyo, au kitu cha mtemi, au cha tambiko, si chako. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: vitu vilivyotengenezwa kabla yake vinalindwa, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Nenda kavitazame Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement.

Kwa kila kisu weka kijikaratasi: kilipatikana wapi, siku gani, mwenyewe alikitumia kwa kazi gani. Na kwa ambavyo hukuvipata, weka pia. Changu kirefu kuliko vyote kinahusu Okapi ya mzee mmoja wa Didia, ya Ujerumani, nyota zote zipo, mlio wake kama kijiti kikavu kinachovunjika. Nimemwendea mara sita. Kila mara hunimenyea chungwa nayo, hunipa nusu, huifuta kwenye suruali na kuirudisha mfukoni.