SOMO LA MUZIKI: SIMFONIA TISA, WALA SI TANO

Somo la leo laanza na kosa letu wenyewe. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, tulikuwa na sahani moja ya santuri, kuukuu na yenye mikwaruzo, ya ile simfonia ya Antonín Dvořák iitwayo "Kutoka Ulimwengu Mpya". Kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati palikuwa pamechapwa namba 5. Basi tukawafundisha wanachuo kwamba hiyo ni simfonia yake ya tano. Mwaka mmoja mwanachuo akaandika katika mtihani kwamba ni ya tisa, tukamkata alama mbili kwa wino mwekundu. Alikuja kutuuliza kwa adabu. Tukamwonyesha ile sahani, naye akaenda zake. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mwenye kuichapa ile sahani naye hakudanganya. Hebu tuone jinsi mambo hayo mawili yanavyowezekana.

Dvořák alikuwa Mcheki, mwana wa mchinja nyama, aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, kando ya mto Vltava. (Ile ř ya jina lake haina mwenzake katika Kiswahili. Tamka r na zh kwa pamoja, wala usikate tamaa ulimi ukigoma.) Alipokuwa kijana alipelekwa mji mdogo wa Zlonice kujifunza Kijerumani, na mwalimu wake wa Kijerumani, Antonín Liehmann, alikuwa pia mpiga kinanda wa kanisa. Huyo ndiye aliyemfundisha kinanda na kupatanisha sauti. Sisi walimu na tufurahi kidogo hapa: miaka mingi baadaye Dvořák alimtia mwalimu wa namna hiyo katika opera yake "Jakobín", naye ni mtu wa kupendeza sana.

Mwaka 1865 Dvořák alikuwa na umri wa miaka 23, akipiga viola katika okestra ya jumba la michezo mjini Praha, kwa mshahara mdogo. Kati ya tarehe 14 Februari na 24 Machi akaandika simfonia yake ya kwanza, kazi ya karibu saa nzima, katika muda usiofika wiki sita. Akaupeleka muswada Ujerumani kwenye mashindano. Hakushinda, na muswada haukurudishwa. Hakuwa na nakala nyingine. Nyimbo chache alizozikumbuka alizitumia baadaye katika vipande vidogo vya piano. Simfonia yenyewe aliihesabu kuwa imepotea, na alipofariki tarehe 1 Mei 1904 hakuwa ameisikia hata mara moja.

Lakini haikupotea. Mwaka 1882 mtaalamu wa lugha za Mashariki aitwaye Rudolf Dvořák, ambaye hakuwa na udugu wowote na mtunzi, aliikuta katika duka la vitabu vikuukuu mjini Leipzig, akainunua na kuiweka nyumbani. Mtunzi alikuwa hai, tena ana sifa, wala hakuambiwa. Jambo hili latutatiza kila tukilifikiri. Habari zilijulikana mwaka 1923, baada ya mnunuzi naye kufariki. Simfonia ikapigwa kwa mara ya kwanza mjini Brno tarehe 4 Oktoba 1936, miaka 71 tangu kuandikwa, na ikachapishwa mwaka 1961. Twaijua leo kwa jina la "Kengele za Zlonice".

Sasa turudi kwenye hesabu. Simfonia ya kwanza ilipotea. Ya pili, ya tatu na ya nne zilibaki bila kuchapishwa muda wote wa maisha yake. Ile ya tatu ilipigwa mwaka 1874 chini ya uongozi wa Smetana, na ndiyo ya kwanza Dvořák kuisikia kwa masikio yake. Mwaka 1877 Brahms alimsifu kwa mchapishaji Simrock wa Berlin, na tangu hapo kazi zake zikaanza kuenea. Simfonia ya kwanza kuchapishwa ilikuwa ya sita, nayo ikaitwa namba 1. Ya saba ikawa namba 2. Kisha Simrock akaichukua ile ya tano, iliyoandikwa mwaka 1875, akaitoa mwaka 1888 kama namba 3, tena akaipa namba kubwa ya opus, 76, ili ionekane mpya. Ya nane ikaitwa namba 4, na "Ulimwengu Mpya" ya mwaka 1893 ikaitwa namba 5. Sahani zote za zamani zilifuata hesabu hiyo. Kwa hiyo zile alama mbili twadaiwa hadi leo.

Kilichorekebisha mambo ni uchapaji, na zaidi ya hapo ni santuri. Watu wachache husoma muziki kwenye karatasi, bali kila mwenye mashine husikiliza. Kati ya mwaka 1963 na 1966 Mhungaria István Kertész aliongoza London Symphony Orchestra kurekodi simfonia zote tisa, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kufanya hivyo. Alifariki kwa kuzama baharini mwaka 1973, akiwa na miaka 43 tu. Rafael Kubelík naye alizirekodi na okestra ya Berlin Philharmonic, na Václav Neumann na Czech Philharmonic yenyewe katika miaka ya 1970, kisha akazirudia tena. Kertész ana moto. Neumann hana haraka, na filimbi zake zina utamu wa nyumbani. Sisi twampenda Neumann, ila kwa simfonia ya kwanza twachagua Kertész, kwa maana kazi hiyo yahitaji kusukumwa.

Na yahitaji kweli. Ni ndefu mno, na kijana huyu akipata wazo jema halimwachi mpaka alichoshe. Asiyewahi kusikia muziki wa namna hii asianze nayo. Aanze na ya tano, kwa ile sehemu ya kwanza inayofunguka kwa klarineti kama asubuhi shambani, kisha aende kwenye ya tatu, akae na sehemu yake ya pili, yenye mwendo wa mazishi. Siku hizi zote zapatikana hata kwenye simu. Baada ya hapo afungue ya kwanza, asikilize mwanzo wake mzito unaorudiarudia, na kuamua mwenyewe kama zile ni kengele.