Dogo Aliyejua Mpira



Jumapili ya 13 Agosti 2023, baada ya Misa, tulikaa kijiweni Chang'ombe, wanachuo wa Simba na wa Yanga, tukibishania fainali ya Ngao ya Jamii itakayopigwa jioni ile kule Tanga. Huyu anataka Simba ipaki basi, yule anapanga viungo. Dogo mmoja wa kwaya akasema, "Kaka, hii mechi ataiamua kipa." Nikamkata: "Nyamaza, mpira huujui!" Wote wakacheka. Akaondoka.

Dakika 90 zikaisha 0-0. Kwenye matuta Ally Salim akapangua penalti tatu, Simba tukashinda 3-1. Nilishangilia, ila moyo ukanisuta: asubuhi nimempokea Yesu, mchana nimemdhalilisha ndugu yangu.

Kupanga mikakati si kosa. Katika Luka 14:31 Yesu anamtaja mfalme anayeketi kwanza na kutafakari kabla ya vita. Mimi niliketi, lakini sikusikiliza. Kesho yake nilimfuata dogo, nikamwomba msamaha mbele ya walewale waliocheka.

Wewe je, umemnyamazisha nani? Mfuate leo.

Ee Yesu, nifundishe kusikiliza kabla ya kusema. Amina.